Ufunguo Mfukoni

Swali la kwanza fundi mzee alimuuliza dereva wa lori. Meneja alikuwepo, fundi umeme wa kiwanda naye alikuwepo, lakini mzee aliwapita wote wawili akaenda kusimama mlangoni mwa lori. "Imesafiri imesimama, au mliilaza?" Dereva akajibu kuwa imesimama tangu bandarini, imefungwa mikanda pande zote nne. Mzee akaizunguka mashine mara mbili, akapapasa kona zake, akainama kuyatazama magurudumu, ndipo akaruhusu foklifti isogee.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilikuwa nimefuata vifuniko vya chupa kwa ajili ya biashara ya asali ya dada yangu, shughuli ya nusu saa tu. Nikarudi Jumanne, nikarudi na Jumatano, ilhali vifuniko nilishavipata siku ile ile ya kwanza.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupoza maji. Mafundi huiita chila, na hii ilikuwa ya kusukumwa kwa magurudumu: kimo cha kabati la nguo, na tangi, pampu na kompresa vyote ndani ya boksi moja la bati. Kazi yake ni kupeleka maji ya baridi kwenye kalibu, au moldi kama wanavyosema pale, ambamo plastiki iliyoyeyushwa kwa nyuzi 220 hivi husindiliwa ikawa ndoo. Katika muda wote wa kutengeneza ndoo moja, zaidi ya nusu huishia katika kungoja ipoe. Baridi ndiyo inayoamua kiwanda kitatoa ndoo ngapi kwa zamu. Meneja alilijua hilo kuliko sisi sote. Chila ya zamani ilikuwa imekufa wiki mbili nyuma, na tangu hapo kalibu zilikuwa zikipozwa kwa maji ya tangi lililochomwa na jua juu ya paa. Ndoo zilitoka zimejikunja midomo.

Sasa lile swali la dereva. Kompresa huhifadhi mafuta yake chini, kwenye kitako. Ukiilaza mashine, mafuta hutoka mahali pake yakaingia mabombani. Ukiisimamisha na kuiwasha papo hapo, chuma husagana na chuma kikavu. Mzee aliniambia kwamba kama ingekuwa imelazwa, angeiacha isimame mpaka mafuta yateremke, na mtu yeyote asingempa saa ya kumaliza.

Aliyekulia nyumba yenye mtungi hahitaji darasa refu kuielewa chila. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho lile likikauka kwa upepo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Bibi zetu waliuweka kivulini penye upepo kwa sababu hiyo. Chila nayo hutegemea kimiminika kinachogeuka mvuke, na katika kugeuka huko kikayanyang'anya maji joto lake. Lakini mtungi huuacha mvuke wake uende zake, na chila huukamata. Kompresa huubana mpaka ukawa wa moto kuliko hewa ya nje. Feni hulipuliza joto lile litokee kwenye kondensa. Mvuke hurudi kuwa kimiminika, hupenya tundu jembamba la valvu, na safari huanza tena. Ukubwa wa mashine hutajwa kwa tani, neno lililobaki tangu enzi za biashara ya barafu: tani moja ni baridi inayopatikana kwa kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24. Kwa vipimo vya leo ni kilowati 3.5 hivi. Ile ilikuwa ya tani 10. Piga hesabu: kilo elfu tisa za barafu kila siku, kutoka kwenye kabati lenye magurudumu.

Kuichagulia mahali kulichukua saa nzima. Meneja alitaka ikae pembeni, nyuma ya magunia ya malighafi, isizuie njia. Mzee hakubishana. Alitoa tishu mfukoni, akachana kipande chembamba, akakishika mbele ya kila ukuta na kutazama kinapepea kuelekea wapi. Pale pembeni hakikutikisika hata kidogo. Joto litakalopulizwa na feni lingegonga ukuta, likazunguka, likavutwa tena na mashine ile ile, na shinikizo la gesi lingepanda mpaka swichi ya usalama iizime adhuhuri, wakati hasa baridi inapotakiwa. Akaiweka karibu na mlango mkubwa, akaacha mita moja na ushei kila upande wenye kondensa, akafunga breki za magurudumu, akalaza pima maji juu yake. Magunia yakahamishwa.

Mabomba sitayasimulia sana. Yalikuwa kazi ya kawaida iliyofanywa vizuri. Hakuna bomba lililokuwa jembamba kuliko mdomo wa mashine wenyewe, kwa kuwa kila tani huhitaji lita 9 hivi za maji kwa dakika, na tani 10 ni lita 90. Kwenye njia ya kurudia maji akaweka chujio. Maji ya kujaza tangi ndiyo yaliyoleta maneno: kiwanda kina kisima chake, na maji yake yana chumvi. Mzee aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaagiza maji ya bomba. Ndani ya chila maji hupita kati ya sahani za chuma zilizobanana, zenye nafasi ndogo mno, na chumvi hupapenda sana mahali kama hapo.

Halafu ukaja umeme. Hapo nilianza kuelewa kwa nini nilikuwa sijaondoka.

Kiwanda kilikuwa kimevuta waya wa fezi tatu mpaka kwenye swichi kuu ukutani. Mzee aliishusha swichi, akatia kufuli yake mwenyewe, kufuli ndogo nyekundu, na ufunguo akautumbukiza mfuko wa shati. Fundi umeme wa kiwanda akacheka kidogo: "Mzee, si tumeshazima?" Mzee akamwambia, "Mimi nimezima. Anayekuja saa hizi kutoka chai hajui." Kisha akafanya jambo ambalo nilidhani ni la kupoteza muda. Alichukua testa, akaigusisha kwanza kwenye soketi iliyokuwa na umeme, akaona inawaka. Akaipima mistari yote mitatu aliyoizima: kimya. Halafu akarudi kwenye soketi ile ile, akaigusisha tena. Ikawaka. Nilimuuliza kwa nini mara mbili. Akanieleza kwamba testa iliyokufa huonyesha sawasawa na waya usio na umeme. Kama testa ingekufa katikati, asingejua, ila kwa kuipima kabla na baada. Sijawahi kusikia mtu akiueleza ukimya kwa uangalifu namna ile.

Akakaza skrubu zote za waya ndani ya mashine, hata zilizokazwa na mtengenezaji, kwa kuwa safari ya meli na lori hulegeza. Akahakikisha waya wa erthi umeshika kwenye chuma, si kwenye rangi. Kisha akafungua kufuli, akapandisha swichi bila kuiwasha mashine, akapima volti kati ya fezi na fezi: 398, 401, 396. Kijana wake, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kazi hii, aliambiwa apige hesabu kwenye daftari. Wastani 398.3; iliyoachana zaidi na wastani imeachana kwa 2.7, haifiki asilimia moja. Ukomo wa mzee ni asilimia mbili. Ikizidi hapo, tofauti ndogo ya volti huzaa tofauti kubwa ya mkondo, na mota huungua taratibu huku kila mtu akiisifu kwamba inazunguka.

Saa tisa alasiri mashine ilikuwa imepata umeme, na meneja alisimama mbele ya kibao cha kuwashia, tayari. Mzee akamwambia, "Kesho saa tisa, bosi."

Hapa panahitaji maelezo, na ndipo mashine nyingi huuawa. Gesi ya kupozea ina tabia ya kukimbilia mahali penye baridi zaidi. Mashine ikikaa imezimwa, gesi hujikusanya ndani ya kompresa na kujichanganya na mafuta, kama hewa iliyomo ndani ya soda. Kompresa ikiwashwa ghafla, shinikizo hushuka na mchanganyiko ule hufanya kile ambacho soda iliyotikiswa hufanya ukiifungua: hufura povu. Povu hutoka na mafuta, vyuma vinabaki vitupu, na sekunde chache tu zinatosha kula miaka. Dawa yake ni mkanda mdogo wa hita uliozungushwa kwenye kitako cha kompresa. Ukiupa umeme, hupasha mafuta moto na gesi hujitenga nayo polepole. Vitabu vingi vya watengenezaji hutaka hita ikae na umeme kwa saa 24 kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Hakuna namna ya kuufupisha muda huo kwa bidii au kwa pesa.

"Hata dakika tano tu tuone kama inafanya kazi?" meneja aliomba.

"Ufunguo ninao mimi," mzee akasema, na hakulisema kwa ukali. Alikuwa ameshatia kufuli nyingine kwenye kibao cha kuwashia. Nilimngojea aseme kwamba haraka haraka haina baraka. Hakusema. Nadhani mtu anayeishi ndani ya methali hana haja ya kuitamka.

Nina neno hapa, na niliseme sasa nisije nikalisahau. Sisi hupenda fundi wa kufufua. Jokofu limekufa, gari limezimika Chalinze usiku, anatokea mtu na bisibisi na kipande cha waya, anaamsha maiti, tunamshangilia na kumlipa. Fundi ambaye kitu hakikufa mkononi mwake hatumwoni. Kazi yake nzuri ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halina mashabiki. Mzee huyu angeweza kuiwasha chila Jumatatu alasiri, ikaunguruma, kila mtu akapiga makofi. Ingekufa miezi minane baadaye, naye angeitwa kuifufua, na angelipwa mara ya pili.

Jumanne saa nane nilimkuta ameinama, ameegemeza mgongo wa kiganja kwenye kitako cha kompresa. Vuguvugu. Akaridhika, akaanza maji. Tangi likajazwa, akafungua valvu zote za kwenda na kurudi, akalegeza kijiskrubu juu ya pampu mpaka hewa ikatoka yote na maji yakachuruzika bila kukohoa. Pampu ikizunguka bila maji, sili yake huungua kwa muda mfupi mno, kwa kuwa ni maji yale yale yanayoipoza.

Kisha akaiamsha pampu kwa kugusa: bonyeza, achia. Nusu sekunde. Kijana alikuwa amemulika tochi kwenye kifeni cha nyuma ya mota na mshale uliochorwa juu yake. Kifeni kilizunguka kinyume cha mshale.

Kama mzee angeitazama geji peke yake, asingejua. Pampu ya aina ile ikizunguka kinyume bado husukuma maji, ila kwa unyonge. Maji yanakwenda, watu wanafurahi, na kalibu hazipoi vizuri milele. Kijana akaruka kufungua kifuniko cha waya za pampu ili abadilishe mbili. Mzee akamshika bega. "Si hapo, mwanangu."

Sababu ilinifurahisha kuliko yote niliyoyaona siku zile. Mtengenezaji ameshazipanga pampu na kompresa zikubaliane: moja ikizunguka sawa, na nyingine iko sawa. Pampu kuzunguka kinyume kulimaanisha kompresa nayo ingezunguka kinyume. Ukibadilisha waya za pampu peke yake, utaona pampu imenyooka, utashangilia, na utaiwasha kompresa kinyume. Pa kubadilishia ni kule ukutani, kwenye umeme unaoingia, waya mbili kati ya tatu, na vyote vitanyooka pamoja. Na kompresa ya chila hii ilikuwa ya skroli: misokoto miwili ya chuma iliyoingiliana kama makombe mawili ya konokono, mmoja umetulia, mwingine ukipepesuka ndani yake na kuisukuma gesi kuelekea katikati. Mfaransa Léon Creux alilisajili wazo hilo Marekani mwaka 1905, lakini ilibidi lingoje miongo mingi mpaka viwanda vikaweza kuchonga misokoto kwa usahihi unaotakiwa. Skroli hubana gesi kwa mwelekeo mmoja tu. Ukiizungusha kinyume hupiga kelele, haibani kitu, na hujipasha moto mpaka ife.

Swichi ikashushwa, kufuli nyekundu ikarudi, testa ikaguswa kwenye soketi, kwenye mistari, kwenye soketi. Waya mbili zikabadilishwa. Pampu ikaguswa tena. Mshale na kifeni vikakubaliana. Wakaiacha pampu peke yake izungushe maji kwa robo saa, wakizunguka na tochi kutafuta tone. Walipata moja, kwenye kiungo cha kalibu ya pili.

Saa tisa na dakika tano alasiri mzee akampa meneja nafasi. "Bonyeza, bosi." Nilipenda adabu hiyo. Meneja akabonyeza, kompresa ikaingia kwa sauti ya chini, nzito, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Mzee alikuwa ameshika geji zake mwenyewe, zilizotengenezwa kwa gesi ya R-410A inayofanya kazi kwa shinikizo kubwa. Tairi la gari dogo hujazwa shinikizo la psi 30 hivi. Upande wa moto wa mashine ile ulipanda ukatulia juu kidogo ya 400. Ndiyo sababu alikuwa amevaa miwani na glavu, na ndiyo sababu kijana alizuiwa kusimama mbele ya viungo. Gesi hiyo ikivuja kama kimiminika hugandisha ngozi, na ikijaa chumba kilichofungwa huifukuza hewa ya kuvuta. Haiharibu ozoni kama R-22 ya zamani inayoondolewa chini ya mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 ya uzito ule ule wa kaboni dioksidi, na huko Kigali mwaka 2016 nchi zilikubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Mzee ana mtungi mtupu kwenye gari lake wa kukusanyia gesi ya mashine za zamani. Nimeona mafundi wengine wakiiachia ipige miluzi hewani.

Alipima mkondo wa fezi zote tatu kwa klampu, akalinganisha na kibati cha mashine. Alifunga kipimajoto kwenye bomba linalorudi kwenye kompresa, akatafuta kama gesi inayorudi ina joto la ziada la nyuzi tano au sita juu ya pale inapochemkia; pungufu ya hapo, kuna hatari kwamba inarudi ikiwa bado majimaji, na kompresa haibani kimiminika, huvunjika kwacho.

Halafu, mashine ikiwa inakwenda vizuri na kila mtu ameshaanza kutawanyika, akaiharibu makusudi. Aliifunga valvu ya maji kidogo kidogo, macho kwenye kibao, mpaka swichi ya mtiririko ikahisi maji yamepungua na chila ikajizima yenyewe. Ndipo nikamwona akitabasamu mara ya kwanza. Maji yakisimama na gesi ikaendelea, barafu hutanda kati ya sahani zile, huzipasua, maji huingia kwenye njia ya gesi, na hapo hakuna kufufua. Kwa hiyo hakutaka kuambiwa kwamba swichi ile ipo. Alitaka kuiona ikikataa. Akangoja dakika tano kwa saa ya mkononi kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu kompresa hupumzishwa ili shinikizo la pande mbili lilingane.

Ulibaki ugomvi mmoja mdogo. Meneja alitaka nyuzi 7. Mzee akaweka 15. Katika jiji ambalo hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 humwaga umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini, kalibu ya baridi kupita kiasi hutoka jasho, chuma hushika kutu na ndoo hupata madoa. Isitoshe, karibu na nyuzi 7 maji matupu huanza kukaribia kuganda ndani ya sahani, na itabidi uchanganye glaikoli. Akamwonyesha kijana wa zamu valvu ya kufunga kila kalibu inaposimama. Ndoo zilizotoka jioni ile zilikuwa na midomo ya duara.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa amerudi. Alizima, akatia kufuli, akafungua chujio. Mlikuwa na vipande vya utepe mweupe wa kufungia viungo, unyoya wa chuma kutoka kwenye mabomba mapya, na punje kadhaa za mchanga. Akaviweka kwenye karatasi, akamwonyesha meneja, akasafisha chujio, akalirudisha, na kwenye daftari lililoning'inizwa pembeni mwa mashine akaandika tarehe na kwamba lifunguliwe tena baada ya wiki moja.